Mifuko Miwili ya Pumzi Yangu

Bwana asifiwe, kanisa! Hao wa nyuma wameitikia nusu. Bwana asifiwe tena! Sasa imetimia.

Mimi ni Mama Naserian, mnanijua kutoka soko la mbuzi la Kisaju. Sinunui mbuzi kabla sijafungua mdomo wake, nihesabu meno mara mbili, halafu ninuse pumzi. Mbuzi mgonjwa hawezi kuficha pumzi.

Lakini ndugu zangu, mimi nilikuwa nikificha! Miaka mitatu tumbo lilinichoma kama makaa. Mama yangu alikufa akishika tumbo hivyo hivyo, kwa hivyo sikutaka kujua. Nilitafuna tembe za kutuliza asidi kama njugu. Mliniombea hapa mbele, nikarudi nyumbani niko na imani, na tumbo ni lile lile.

Siku moja nilikunjika sokoni, kamba ya mbuzi mkononi. Baba Saitoti, mnunuzi mwenzangu, akaniangalia. "Mama Naserian, unanusa midomo ya mbuzi wa watu. Wako umenuswa na nani?"

Nilimjibu vibaya, Bwana anisamehe. Lakini hilo neno lilinikaa.

Nikaenda kliniki moja Kitengela. Nesi akasema mdudu wa vidonda vya tumbo anajulikana kwa pumzi tu, na majibu ni siku hiyo hiyo. Ila niache tembe wiki mbili, na nije bila kula wala kunywa. Wiki mbili, jamani! Nikaomba apunguze iwe moja.

"Mama, hapa si soko la Kisaju."

Nilivumilia siku zote kumi na nne. Asubuhi ya kupimwa, nikashindwa na kikombe kimoja cha chai. Nikaapa sijaonja kitu. Nesi akasogea karibu. "Na hii tangawizi imetoka wapi?" Nilirudi nyumbani kama mbuzi aliyekataliwa na soko zima.

Kesho yake nilirudi, tumbo tupu, moyo nimeukaza. Nikapuliza mfuko wa kwanza. Nikameza kidonge, nikakaa nusu saa nikiomba, nikapuliza wa pili. Mbona miwili? Nesi akasema mashine inalinganisha pumzi ya kabla ya kidonge na ya baada yake. Ndugu zangu, nikajua Mungu amenileta kwa mashine inayohesabu mara mbili kama mimi!

Mdudu alikuwepo. Nikapewa dawa za wiki mbili. Siku ya tano maumivu yakaisha, shetani akanong'ona, "Zilizobaki weka akiba." Nikamkatalia! Nilihesabu vidonge asubuhi na jioni mpaka pakiti ikaisha. Baadaye nikapuliza tena. Mdudu hakuna! Haleluya!

Mama yangu sijui alikufa na nini. Hakuna aliyempima.

Namshukuru Mungu. Hata Baba Saitoti namshukuru, ila asizoee. Na wewe unayeshika tumbo chini ya leso, nakuona. Mtegemee Bwana, halafu twende kliniki pamoja. Siku ya kupimwa nitakuja kukuchukua mlangoni. Usionje chai. Nitakunusa mdomo, na nitanusa mara mbili.