Taa ya Mke wa Nazario

Basi la kwenda Analco lilikuwa halijatoka kituoni redio ilipoanza "Toka na Vumbi Lako", na mama mmoja mwenye kikapu cha pilipili akaudaka wimbo kwa sauti ya juu. Fermín, mpiga tarumbeta, alishindwa kunyamaza.

"Mama, unauimba kama unafukuza mbwa! Otilia Barragán, mwenye wimbo, hapo anambembeleza mume arudi."

"Arudi wapi? Mtu anaambiwa toka, wewe unasikia karibu! Wanaume mna masikio yenu."

"Ameuimba miaka thelathini. Uliyemchoka unamwimba miaka thelathini?"

"Kaachana na waume wanne, na kila akiachana na mmoja anaurekodi upya. Huko ni kubembeleza, au ni kufagia nyumba?"

Abiria wakaangua kicheko. Fermín, ambaye siku zote tarumbeta ndiyo humsemea, alijikaza kisabuni. "Sisi wa bendi, mume akikosa nyumbani anatuita, tunaupiga usiku dirishani kwa mkewe. Mke akiwasha taa, kasamehe. Jumamosi tu ndiyo tulikwama, kwa mke wa Nazario fundi viatu. Tumepiga mpaka midomo ikavimba, taa haikuwaka. Nazario kalia kama mtoto. Yule mwanamke ana roho ya jiwe!"

Mama akaacha kucheka. Basi liliposimama kituo cha mbele alibeba kikapu chake, akageuka mlangoni.

"Mwambie Nazario balbu imeungua tangu Pasaka, na aliyeahidi kuibadilisha ni yeye. Aje na balbu. Wimbo auache huko huko."