Bi. Gesare na Moshi wa Mtaa wa Baraka

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Gesare Onchiri atastaafu baada ya kuitumikia serikali kwa miaka thelathini na mmoja, yote katika huduma za jamii na yote katika nchi hii ya majani chai. Alikuja kwetu kutoka Nyansiongo akiwa na sanduku, barua ya ajira na mwavuli mweusi. Mwavuli bado anao. Tumeona vyema wafanyakazi wapya wakisome kisa chake katika kijarida hiki kabla hajaondoka, kwa sababu mwenyewe hatakisimulia, na wengine watakisimulia vibaya.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Sigowet. Huko alianzisha darasa la watu wazima pamoja na vikundi vya akina mama vya kujengeana matangi ya maji. Huko ndiko pia alikofanya kosa ambalo limemfuata hadi leo. Alikaribishwa mursik, yaani maziwa yanayogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa kijinga cha moto, akaona chembe nyeusi za mkaa zikielea. Akaomba chujio la chai, akayachuja. Wenyeji walicheka hadi wakaketi chini, kwa maana mkaa ule ndio ladha yenyewe. Tangu siku hiyo Bi. Gesare aliomba chai kila alikotembelea, na katika majiko ya watu hakuingia tena. Jambo hilo lilikuja kumponza.

Kutoka Sigowet alihamishiwa Fort Ternan. Msimu mmoja wa mvua, barabara zilipokatika, alifika kwenye mkutano wa chifu juu ya trekta la miwa, nguo za kanisani mwilini na mwavuli mkononi. Chifu alidhani ni bibi harusi aliyepotea. Mimi nilikuwapo, na sikumbuki mkutano mwingine wa mwaka ule ulioanza kwa wakati.

Hata hivyo, kazi tutakayomkumbukia zaidi aliifanya hapa Kapkatet. Serikali ilipojenga nyumba za gharama nafuu katika Mtaa wa Baraka, baadhi yake zilitengewa wachuma chai waliostaafu. Asiyeyajua mashamba makubwa na aelewe jambo hili: mchuma chai huishi katika nyumba ya kampuni, na siku kazi inapokwisha, nyumba nayo imekwisha. Wengi huzeeka bila mlango wanaoweza kuuita wao. Bi. Gesare aliwatafuta mmoja mmoja, akawaandikisha, akawakabidhi funguo. Miongoni mwao alikuwa mjane mmoja, Mama Chepchumba, aliyekuwa amechuma chai tangu usichana wake.

Haukupita muda, Mama Chepchumba akawasha mkaa kwenye roshani ya ghorofa ya pili ili asugue vibuyu vyake. Mathew, mlinzi wa mtaa, aliuona moshi, akapanda ngazi mbio na ndoo mbili, akamwaga maji juu ya moto, juu ya vibuyu na juu ya Mama Chepchumba. Maneno aliyoambiwa Mathew kwa Kipsigis hayafai kijarida hiki. Kwa kuhofia ajali, Bi. Gesare alibandika tangazo kila mlango: moshi ni marufuku. Akadhani amelimaliza jambo hilo.

Hakuwa amelimaliza. Milango ilianza kufungwa kwa kufuli, mmoja baada ya mwingine, na wenye nyumba wakarudi kujibanza kwa jamaa zao. Kanuni nayo ilikuwa wazi: nyumba ikikaa tupu miezi mitatu, hupewa mwingine. Hapa ofisini wapo waliosema kwamba watu hawa hawakuwa na shida ya nyumba tangu mwanzo. Bi. Gesare alichukua mwavuli wake, akaenda hadi Sigowet kwa kaka yake Mama Chepchumba, akamkuta mjane huyo ameketi katika jiko la wifi yake, akisugua kibuyu cha kuazima. Safari hii Bi. Gesare aliingia jikoni.

Alichoambiwa humo alitusimulia kesho yake, nasi tunakinukuu kama kilivyosemwa: "Madam, ile nyumba ni safi, mimi sikatai. Lakini kijana yangu akitoka kazi huko Narok, akifika kwa mlango, nimpe nini? Soda? Nyumba haina sotet, hiyo ni duka tu." Sotet ndicho kile kibuyu. Kwa Wakipsigis, arudiye nyumbani hupokewa kwa mursik, na mama asiyeweza kumpokea mwanawe hivyo hujiona mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

Bi. Gesare alirudi akayabandua matangazo yote kwa mkono wake. Kisha alimwendea mhandisi Gekara, akamtaka ajenge jiko la pamoja nyuma ya majengo, lenye paa na dohani ndefu, mahali palipotengewa magari. Gekara alisema ramani ilikuwa imekwisha kupitishwa. "Magari ya nani?" Bi. Gesare akamuuliza. Gekara alichungulia dirishani, akaona baiskeli moja, nayo ilikuwa ya Mathew. Kamati ya nyumba ilikataa mara ya kwanza. Mara ya pili ilimkuta Bi. Gesare mlangoni kabla ya wajumbe kufika, ikakubali, miezi mitatu ikiwa ukingoni. Mama Chepchumba ndiye aliyetangulia kurudi, na alivipandisha vibuyu kabla ya kitanda.

Leo nyumba zote za Baraka zina watu. Kwa kuwa akina mama hukutana jikoni hapo kila siku, muuguzi huja kuwapima shinikizo la damu papo hapo, na darasa la kusoma limehamia chini ya paa lilo hilo. Mathew bado ana ndoo zake, ila siku hizi huuliza kwanza.

Si haki kumsifu mtu bila kutaja kasoro zake. Bi. Gesare ni mkaidi, hamsamehi anayechelewa, na hakuna aliyewahi kuimaliza chai anayoipika ofisini.

Wiki iliyopita tulimwomba Mama Chepchumba alete mursik kwenye sherehe ya kuagana. Alikataa kabisa. "Mursik ni ya mtu amefika," alisema. "Huyu si anaenda? Hapana." Amekwisha kusugua kibuyu kimoja na kukitundika ukutani peke yake, na hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Kitatiwa maziwa siku Bi. Gesare atakapotuma habari kwamba anakuja kututembelea.

Bi. Gesare, wafanyakazi wote wanakushukuru. Mungu akujalie afya, mvua ya kutosha na majirani wema huko Nyansiongo. Nenda salama, urudi na kiu, na chujio uliache nyumbani.