Kuku wa Nadhiri ya Mama

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, katika asubuhi hii ya mavuno na baridi yote hii ya Kihesa.

Wengi mnanifahamu. Mimi ndiye niliyeondoka hapa na sanduku la mbao nikarudi kutoka Ulaya na la ngozi, na ndani yake diploma ya mitambo ya maji. Hakuna mjomba aliyenisomesha. Pampu ikigoma kuanzia hapa mpaka Idodi huitwa mimi, na nikifika hutii. Nayasema haya mjue ni mtu wa namna gani Bwana alimpigisha magoti kwa ajili ya kuku.

Mama yangu, yule pale benchi la mbele, aliweka nadhiri nilipokuwa ng'ambo: mwanangu akirudi mzima, kuku wangu mwekundu ni wa Bwana, nitampeleka mwenyewe siku ya mavuno. Nikarudi mzima. Kabla ya mavuno dada yangu akajifungua kule Mwanjelwa, mama akapanda basi la Mbeya kwenda kumwangalia mzazi. Kuku akaniachia mimi. "Wewe msomi," akasema. "Kuku mmoja hawezi kukushinda."

Ndugu zangu, alinishinda. Alianza kwa kukataa mahindi. Kisha akajikunyata, manyoya yamesimama, macho nusu. Nikamlaza jikoni ndani ya koti langu la Ulaya, koti ambalo mimi mwenyewe nalivaa Krismasi na Pasaka tu. Nikamchungulia macho, nikamhesabia pumzi kwa saa yangu ya mkono. Nikamnywesha maji ya pilipili. Akanitazama kama mtu aliyekosewa adabu.

Balozi wetu wa nyumba kumi akaja kuona. "Huo ni mdondo, fundi. Mchinje kabla hajafa, tule."

Nikamwambia kilichoahidiwa Bwana hakiliwi na balozi.

"Basi subiri aliwe na mbwa," akasema, akaenda zake.

Hapo hofu ikanishika. Mama yangu hajawahi kuvunja ahadi kwa mtu, sembuse kwa Mungu, na ahadi yenyewe ilikuwa juu ya uhai wangu. Nikatuma salamu kwa akina mama wa maombi: njooni, kwangu kuna mgonjwa mahututi. Sikusema ni nani. Mtu mwenye diploma anaanzaje kutaja kuku?

Wakaja na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, wakiimba tangu barabarani. Mama Atu, kiongozi wao, akauliza, "Mgonjwa yuko wapi, mwanangu?"

"Ndani ya koti, mama."

Akafunua. Kisha akainama kwa heshima zote, akamwamkia kwa lugha ya nyumbani. "Kamwene, mgonjwa."

Ndugu zangu, walicheka mpaka mmoja akakalia kuni. "Kumbe Ulaya kuku huvaa makoti." "Na uji huu, anywe kwa kijiko au kwa kikombe?" Mimi nimesimama na tai yangu shingoni. Nikawaeleza nadhiri ya mama. Mama Atu akajifuta macho, akasema, "Basi huyu ni mgonjwa wa kanisa. Piga magoti, baba. Mwekee mkono."

Nikapiga magoti kwenye majivu na suruali yangu ya tetroni, nikamwekea kuku mkono wao wakiomba. Na chini ya kiganja, pale shingo inapokutana na kifua, nikagusa donge gumu kama ngumi ya mtoto. Muda wote ule nilikuwa nikimtazama, sikuwa nimempapasa.

Bomba limeziba. Hilo nimelisomea.

Nikaomba mafuta ya alizeti, vuguvugu. Nikamtia mdomoni tone kwa tone, nikalikanda donge polepole, Mama Atu kashika mabawa na maombi hajayaacha. Nikamwinamisha. Zikatoka nyasi kavu na nyuzi za gunia, zimesokotana kama kamba. Tukarudia, tukarudia, donge likalainika. Kesho yake kuku aliunyea mfuko wa koti, akatoka, akayafuata mahindi.

Leo mnamwona pale mbele, kati ya maboga, akidonoa sadaka za wenzake. Namshukuru Bwana, na ninyi akina mama.

Ndugu yangu, kama kwako kuna linalougua na unaona aibu kulitaja, litaje. Waite wenzako. Wakicheka, waache wacheke, ila wasiondoke kabla ya kuomba. Bwana aliyemwangalia kuku hatakuruka wewe.

Mama, umerudi jana na haya yote unayasikia sasa hivi. Usijifunike khanga usoni. Inuka, ukamfungue kamba, umkabidhi kwa mikono yako. Yuko hai, na mimi niko hai.