Shingo Niliyoisingizia

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa. Leo nimesimama mbele yenu bila kushika mgongo wa kiti, na hilo peke yake linatosha kuwa ushuhuda.

Wengi mnanijua kwa nyundo yangu. Kazi yangu kwenye reli hapa Kamina ni kugonga magurudumu ya mabehewa kabla treni haijaondoka. Gurudumu zima hulia kama kengele, lenye ufa hulia kama chungu kibovu. Miaka yote nimeishi kwa kuuliza chuma na kusikiliza kinavyojibu. Lakini ugonjwa uliponijia mwenyewe, sikuuliza hata swali moja.

Ulianza siku niliyoinama chini ya behewa na kuinua kichwa nitazame juu. Dunia ikazunguka, nikalikumbatia gurudumu kama mtoto na mama yake. Baada ya muda mfupi ikatulia. Kesho yake ikarudi nilipogeuka kitandani. Palepale nikaamua: ni shingo. Kwetu watu wa reli, behewa likiyumba tunashuku kwanza kile chuma kinacholiunganisha na jingine. Na shingo ni nini, kama si kiungo cha kichwa na mwili?

Mke wangu, Mama Numbi, alisema twende kwanza kwa munganga, yaani daktari. Nikamjibu kwamba munganga bila picha ni kipofu, nikang'ang'ania mpaka nikapigwa radio, ile picha ya mifupa, ya shingo. Picha ikaonyesha mifupa imelika kidogo. Ndugu zangu, nilifurahi! Niliitembeza ile picha kama mtu aliyepata shahada. Nikavaa kola ngumu ya kushikilia shingo, mkaniona nayo humu kanisani wiki nyingi, nimenyooka kama nguzo. Mkaniombea shingo. Nami nikafunga na kuomba: Bwana, ponya shingo hii. Kizunguzungu kikaendelea kunitembelea.

Siku moja mkuu wangu akaniona ninapepesuka karibu na reli. Akaichukua nyundo mkononi mwangu.

"Baba Banza," akasema, "kama shingo imeisha, kazi nayo imeisha. Nitakungojea mpaka mwisho wa mwezi."

Nilirudi nyumbani mikono mitupu nikalia, wala sioni haya kusema. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, na shingo yenyewe ndiyo niliyoishuku. Nikaanza kupanga safari ya Lubumbashi, kutafuta picha kubwa zaidi.

Kabla sijaondoka, Mama Numbi akanivuta mpaka kituo cha afya, kwa munganga mmoja, mama wa makamo. Nikamnyooshea picha yangu. Akaiweka pembeni, akaanza kuuliza. Nilianguka? Mkono au mguu umelegea? Ulimi unakuwa mzito? Ninaona kitu kimoja kama viwili? Yote nikajibu hapana.

"Kama ungesema ndiyo, ningekutuma leo leo kwa picha," akasema. "Sasa toa ile kola. Miye nataka kujua kintu kimoja. Kama unageuka mu kitanda, iko shingo njo inageuka, ao iko mwili yote?"

Sikujua kama ni shingo tu inayogeuka au ni mwili mzima. Mimi, mtu wa kugonga na kusikiliza, sikuwa nimewahi kujiuliza.

Akanilaza. Yeye akashika kichwa changu, Mama Numbi akashika mabega na kiuno, wakanigeuza kama gogo, shingo isipinde hata kidogo. Dunia ikazunguka. Nikabaki pale nikishangaa, maana shingo haikujikunja na kizunguzungu kimekuja vilevile.

"Unaona? Shingo haina na makosa," akasema munganga. "Ile picha inaonyesha miaka yako tu. Hata yangu iko vile. Mu sikio kuko tujiwe tudogo sana. Tumoja tumetoka fasi tulikuwa, njo tunakuzungusha."

Vijiwe vilivyohama mahali pake ndani ya sikio! Nilitaka kuuliza mambo mia, akaniambia ninyamaze. Akanilaza chali, kichwa kimegeukia upande mmoja, akangoja. Akakigeuza upande wa pili, akangoja. Akanilaza ubavu, kisha akaniketisha, ili vijiwe virudi vilikotoka. Kesho yake akarudia. Siku ya tatu niligeuka kitandani, na kitanda kikabaki mahali pake.

Nilimwendea mkuu wangu kabla mwezi haujaisha. Nikainama chini ya behewa mbele yake, nikatazama juu, sikushika kitu. Akanirudishia nyundo.

Ndugu zangu, mpaka leo najiuliza. Nilipokuwa nampigia Mungu kelele juu ya shingo, yeye alikuwa anatazama wapi? Nilimwomba kama bwana anayemtuma fundi: gonga hapa. Wewe unayeumwa, mwamini Bwana. Lakini ukimwendea, mpe mwili wote, usimwonyeshe mahali pa kugonga. Na akikutumia mtu mwenye maswali, yajibu.

Mama Numbi, simama wakuone. Ulisema tuulize kwanza, nami sikukusikia. Bwana alijua sikio ndilo lililokuwa gonjwa. Nisamehe, na asante. Amina.