Mkono wa Kushoto wa Mwanamke wa Ukutani

Kijiwe chetu cha Chang'ombe, hapa makao makuu, kina kanuni moja iliyo imara kuliko benchi lake: vikombe ni vitatu, na asiye na kahawa mkononi hana neno. Kikombe kikikauka, neno limekwisha, mpaka Abdulwahab, muuza kahawa, akumiminie tena. Benchi lilikuwa limevunjika mguu mwezi uliotangulia, na tangu Jumatano ya kisa hiki tulikuwa tukikalia ngazi ya Lameck, iliyolazwa juu ya matofali. Namna tulivyoipata nitaieleza kwa mpangilio wake, kwa kuwa ni mpangilio huo tulioupoteza, na hasira yake ninayo hadi leo. Jumatatu, Lameck, mchora mabango wa mtaani kwetu, alianza kumchora mwanamke kwenye ukuta wa duka la Mama Klara, unaotazamana na kijiwe. Rangi ilikuwa yake, malipo hakudai. Jumanne alimaliza mgongo, kaniki nyeusi, na mkono wa kulia ulioinuliwa juu ya ngoma ya muheme, ile ya wanawake wa kwetu, ambayo ukingo wake tu ulichomoza magotini. Jumatano saa nne asubuhi, Mzee Katiba, karani mstaafu wa mahakama, alitamka kwamba mwanamke yule ametupa mgongo sisi. Kazi ikasimamishwa, ngazi ikazuiliwa. Mama Klara, asiyetaka ugomvi mlangoni kwake, akatupa muda: tuamue maana ya picha kabla ya Jumamosi saa kumi jioni, ikiwa ni matusi, ndoo ya chokaa ile pale. Mimi ndiye mwandishi wa vikao, kwa sababu nilisoma chuo kikuu. Mwandishi hapewi kikombe, anaandika. Basi ilikuwa Jumamosi, saa tisa na nusu.

— Hoja ni ule mkono wa kushoto, alisema Katiba, kikombe chake kikifuka mvuke. Umeishia kwenye kiwiko. Mchoraji mwenye akili zake hasahau mkono.

— Hajasahau! alidakia Nyundo, mchomelea mageti, ambaye jina lake la ubatizo ni Obedi na hakuna anayelitumia. Kaukata makusudi! Anasema tunaokaa hapa hatuna mikono, hatufanyi kazi. Mimi! Nimeamka na moto mkononi, halafu naambiwa sina mkono!

— Nani kakwambia, Nyundo? aliuliza Katiba.

— Ukuta umeniambia!

Faridi alicheka. Tunamwita Dipuloma kwa kuwa alisoma mihula miwili ya stashahada na kuirudisha salama.

— Nyie mnasoma juu juu, bana. Kazi ya sanaa ina fani na ina maudhui. Fani: mgongo, ngoma, kiwiko. Maudhui: mwanamke kaachika. Pete inavaliwa mkono gani? Wa kushoto. Pete imeondoka, mkono umeifuata. Na aliyemwacha yuko hapa hapa kijiweni.

Wote tulimtazama Nyundo, ambaye mkewe amerudi kwao Ihumwa tangu Pasaka.

— Unanitafuta, Dipuloma?

— Mimi nachambua tu.

— Nitakuchambua meno!

— Tulieni, wanangu, alisema Katiba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tunao tayari. Kilichobaki ni kuziba.

Hakuna aliyeuliza ufa wenyewe uko wapi. Niliandika: "Mzee Katiba, ufa."

Lameck alikuwa amekaa juu ya jiwe, pembeni, brashi yake ameifunga kwenye mfuko wa nailoni isikauke. Ana vidonda vya tumbo. Daktari alimkataza kahawa tangu mwaka juzi, na kijiwe kizima kinajua.

— Wazee, naomba niseme kidogo.

— Una kikombe? aliuliza Katiba.

— Tumbo langu si mnalijua?

— Basi huna neno. Kanuni haikutungwa kwa ajili ya tumbo lako.

Hiyo ilikuwa mara ya tano tangu Jumatano. Najua ni ya tano kwa sababu zote niliziandika, kila moja na saa yake, kwa mwandiko mzuri, na sikufungua mdomo.

Abdulwahab alizungusha birika. Yeye humimina tu. Miaka tisa sijamsikia akitoa hoja.

— Haya, sikilizeni sasa, alisema Katiba baada ya kumeza. Huyu mwanamke ni mji wenyewe. Tangu tumekuwa makao makuu, mkono wa kulia umeinuliwa, unapokea wageni na magari yao. Wa kushoto, wa kutugawia sisi wenyeji, haupo. Na mgongo mnauona. Kijana anatuchonganisha na wakubwa. Kesho wakija kutuuliza, nani atajibu?

— Wala si mji, alisema Nyundo, na sauti yake ikashuka kwa mara ya kwanza. Mkono upo. Uko ndani ya duka, nyuma ya ukuta. Ni chuma ulete, jamani! Unavuta riziki za watu. Tangu Jumatano nimechomelea mageti mangapi? Moja!

— Tangu Jumatano si umeshinda hapa kijiweni? aliuliza Dipuloma.

— Ndiyo! Nani kanivuta?

Dipuloma alikunywa kahawa yake.

— Na yeye mwenyewe mwoneni alivyotulia kwenye jiwe, Nyundo aliendelea. Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Mkono mtupu haulambwi! Zee zima, toa uamuzi, saa zinakwenda.

Saa kumi kasoro dakika tano, Katiba alitoa uamuzi: picha ni matusi, ni uchochezi na ni uchawi, kwa pamoja. Nyundo alinyanyuka na kushika ndoo ya chokaa. Lameck hakusimama. Alianza kuifungua brashi kwenye nailoni, kisha akaifunga tena.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mwenye kikapu cha zabibu, vumbi la Agosti limemjaa hadi kwenye kope.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti.

Hakututazama zaidi ya hapo. Aliuona ukuta, akatua kikapu chini taratibu, akaweka kiganja mdomoni. Kisha akageuka.

— Lameck. Mbona mama hana mkono wa kushoto?

Chokaa ilimwagika kidogo kwenye kiatu cha Nyundo.

— Binti, alisema Katiba baada ya kukohoa, hapa anayezungumza ni mwenye kikombe.

— Mimi ni Ruthu, dada yake huyu. Nimetoka Hombolo kuja kumwona mama. Kwenu mgeni hapewi kikombe?

Abdulwahab alichukua kile alichokiacha Nyundo, akakisuuza, akainamisha birika mpaka tone la mwisho. Ruthu alikipokea kwa mikono miwili, akampelekea mdogo wake pale kwenye jiwe.

— Shika. Hujaambiwa unywe.

Kanuni niliiandika mimi. Inasema "mkononi". Haisemi "mdomoni". Siku tatu nzima nililijua hilo.

— Ule mkono ulikuwa wa Jumatano, alisema Lameck.

Alikuwa akikitazama kikombe, si sisi.

— Mama akipiga muheme, sisi watoto tulikaa nyuma yake. Uso wake tunao, uko kwenye kitambulisho. Mgongo hauko popote. Alikufa mwezi wa tatu. Mkono wa kushoto ndio ulioanzisha mapigo, nikauweka wa mwisho ili niufanye vizuri. Ningeanza Jumatano saa nne. Saa nne mkaja nyie, mkachukua ngazi, mara kaachika, mara mchawi.

— Lakini kifasihi, alianza Dipuloma, mwandishi akishatoa kazi yake...

— Alikuwa ameitoa? aliuliza Ruthu. Mmemnyang'anya ngazi, halafu mnamwuliza mkono uko wapi? Siku tatu mnamvua nguo marehemu, mara kaachika, mara mchawi! Nani kati yenu aliuliza huyu ni nani?

Nilipekua daftari. Kurasa kumi na moja. Swali hilo halimo.

— Nipeni ngazi yangu, alisema Lameck.

Nilisimama wa kwanza, na sijisifu kwa hilo. Nilikuwa nimechelewa siku tatu. Dipuloma akasimama wa pili. Nyundo, aliyekuwa wima tayari, aliiweka ndoo chini na kusogea nyuma. Katiba alibaki peke yake katikati ya ngazi, na kikombe nusu.

— Kikao hakijafungwa, alisema.

Lameck alimrudishia dada yake kikombe, akaenda kwenye ncha moja, akainyanyua kama mtu anavyonyanyua ngazi yake. Mzee Katiba aliteleza mpaka kwenye matofali, na kahawa ikamwishia kwenye suruali. Alisimama, akajipangusa, akainua kidole.

— Sasa natamka hivi...

— Samahani, mzee wangu, alisema Abdulwahab. Kikombe chako hakina kitu.