Siku Tulipofuatana na Maji kwa Miguu

Bwana Yesu asifiwe! Na ndugu zangu Waislamu mliomo humu ndani, asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Kina mama wa Kimaasai kule pembeni, takwenya. Haya, nimesikia mmeitikia, basi tutaelewana.

Mwenyekiti ameninong'oneza kwamba nisiongee sana. Ananijua. Mimi nina mdomo, ndugu zangu, na mtanisamehe mapema, maana nikianza huwa sijui breki ziko wapi. Nimeambiwa mmetoka kwenye mto wenu kuja kuona sisi tulivyoupanga wa kwetu. Tangu asubuhi wataalamu wamewaonyesha ramani, na wengine mmesinzia, msikatae, niliwaona. Mimi sina ramani. Nimekuja kushuhudia jinsi nilivyobakiza kidogo tu niuze shamba langu, na jinsi nilivyorudi.

Mimi ni mzaliwa wa Machame, nikaolewa huku kwa Wameru. Mume wangu alitangulia mbele ya haki, akaniachia watoto na shamba. Watoto wakakua wakaenda zao mjini. Shamba likabaki, na mimi nikabaki nalo. Liko huku chini ya barabara ya Moshi, mwisho kabisa wa mfereji. Kwetu tunaita mkiani. Ukivuka uzio wangu hakuna mfereji tena, ni korongo la mto linaloendelea kwenda mbugani kwa Wamaasai.

Sasa mto wetu ni mmoja. Unatoka msituni mlimani, unapita kwenye migomba na kahawa ya Wameru wa juu, mabomba ya mji yanachukua lake, mashamba ya maua yanachukua lao, halafu ndio unafika kwetu wenye nyanya na mboga ya mnafu, halafu ng'ombe wa Wamaasai. Mto mmoja, lakini kila mtu alikuwa anasema "maji yangu." Muulize mtu maji yamekwenda wapi, atakuonyesha kidole aliye juu yake.

Zamu yangu ilikuwa Alhamisi, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa sita mchana. Ndivyo ilivyopangwa na wazee tangu zamani, na zamani ilitosha, maji yalikuwa mengi. Miaka ya karibuni kiangazi kikazidi kuwa kirefu. Nikawa Alhamisi naamka, nachukua jembe, nafungua michirizi yangu yote, nakaa ukingoni nasubiri. Saa tatu, hakuna. Saa tano, hakuna. Saa sita inafika, naambiwa zamu imeisha. Imeisha vipi na haijaanza?

Nikapanda juu kulalamika. Kiongozi wa mfereji kule juu alikuwa mzee mmoja, mtu mzito, akikohoa watu wananyamaza. Nilimkuta njiani kabla sijafika kwenye banio, pale ambapo maji ya mto yanakatwa kuingia mfereji. Nikamwamkia kwa adabu zote. Akaniambia, "Mama, rudi. Mwanamke hakanyagi banio. Na zamu yako umepewa. Nimefungua mwenyewe saa moja, nimefunga mwenyewe saa sita. Sijakuibia hata dakika."

Na ndugu zangu, nawaambia, hakuwa mwongo! Hilo ndilo lililoniuma. Angekuwa mwizi ningemshtaki. Mtu anafungua saa ile ile, anafunga saa ile ile, na nyanya zangu zinakufa.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Mimi nilingoja. Nilingoja mpaka nyanya zikakauka na maua yake, mnafu ukawa wa njano, maharage machanga yakajikunja kama mkia wa nguruwe. Msimu wa kwanza nikasema ni majaribu. Msimu wa pili yakatokea vilevile, nikaacha hata kusema. Nilikuwa mwimbaji wa kwaya, nikaacha kwaya. Nilikuwa naona aibu kupita sokoni, mimi niliyezoea kupeleka mboga, sasa naenda kununua fungu la mchicha wa mwenzangu. Nawaficha nini? Nililia. Nilikaa ndani ya mfereji mkavu, miguu nimenyoosha, nikalia kama mtoto aliyenyimwa ziwa.

Mwanangu anakaa Sekei, kule mjini. Akaniambia, "Mama, unajitesa. Uza, uje ukae na wajukuu." Kwa upendo kabisa. Lakini mimi kukaa kwenye kochi la mkwe nikisubiri chai? Hapana jamani. Lile shamba ndilo lililonifanya niitwe mtu. Hata hivyo nilichoka. Akatokea mnunuzi, anataka kujenga nyumba ya wageni. Nikamwambia aje baada ya Pasaka apime. Nilitoa neno langu, na mimi nikitoa neno huwa silirudishi.

Siku chache baadaye nikateremka korongoni kutafuta kuni. Nikamkuta mama mmoja wa Kimaasai anachimba mchanga kwa kibuyu, punda wake wamesimama wanamwangalia. Anachimba apate maji ya kunywa. Nikamsalimu. Aliinua uso, akaniangalia kwa hasira, akaniuliza, "Wewe ndiye mtu wa juu unayetufungia maji?"

Mimi! Mtu wa juu! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yule mama akadhani nina wazimu. Nikamwambia, "Dada yangu, mimi ndiye mkia wenyewe." Akasema, "Kama wewe ni mkia, sisi ni nini?" Tukakaa pale mchangani, akanipa maji yale ya tope kidogo, nikanywa, tukaongea mpaka jua likageuka. Ng'ombe wake walikuwa wameanza kufa. Nilirudi nyumbani bila kuni, na hasira yangu ilikuwa imebadilika. Kwanza nilikuwa na hasira ya shamba langu. Sasa nikawa na hasira ya mto mzima.

Ndipo watu wa ofisi ya bonde, wale wa serikali wanaosimamia maji, wakaitisha mkutano wa mto wote, kuanzia msituni mpaka mbugani. Mara ya kwanza katika maisha yetu kukaa pamoja. Na tulipokaa, tulipiga kelele tu. Wa juu wanasema wa maua, wa maua wanasema mji, mji wanasema wakulima, wakulima wanasema ng'ombe. Wataalamu walikuwa wameshapanda bikoni za zege kuzunguka chemchemi za juu, kwamba hapa mwisho kulima. Haikupita muda zikang'olewa. Nasikia nyingine ziligeuzwa mafiga, watu wanapikia ugali juu ya mpango wa maji! Msicheke sana, na za kwenu zitang'olewa.

Nikasimama. Mwenyekiti akaniambia subiri, nikamwambia nimesubiri misimu miwili. Nikamgeukia yule mzee wa juu. Nikasema, "Baba, wewe ni mkweli na mimi ni mkweli. Basi liko jambo hatulijui sote wawili. Alhamisi fungua banio kama kawaida. Halafu tufuatane na maji kwa miguu, wewe na wazee wako, na wa bonde, na wa maua, na Wamaasai, mpaka yatakapofika kwangu." Mzee akakohoa. Akasema, "Nitakuja."

Sikwenda banioni, niliheshimu mila. Niliwangoja chini yake kidogo, maana nilikuwa na vita moja tu siku hiyo. Saa moja maji yakafunguliwa. Yakaja na nguvu, na sisi tukatembea nayo, sambamba na ncha yake inayotangulia, wazee na fimbo zao, vijana wa bonde na mabuti yao, na yule mama wa Kimaasai na shanga zake.

Mwanzoni tulikuwa tunakazana ili maji yasituache. Lakini kule chini mfereji ulikuwa umekauka siku nyingi, umepasuka nyufa. Udongo ukaanza kunywa. Tukikuta tundu la fuko, maji yanazama pale, tunasimama, tunasubiri tundu lishibe. Tunaendelea. Nyufa tena, tunasimama tena. Tulipovuka barabara ya Moshi hatukukazana tena, tulikuwa tunaburuza miguu kama watu wa mazikoni. Wale wazee wa juu walikuwa hawajawahi kushuka mpaka huku kufuata mfereji. Maisha yao yote! Wangefuata nini?

Saa sita ikafika. Aliyeachwa juu akafunga banio, ndiyo sheria. Sisi tuko kwa jirani yangu. Baada ya muda maji yakapungua mbele ya macho yetu, yakawa tope, tope likanyweka. Mzee akauliza, "Shamba lako liko wapi?" Nikamwonyesha, yanaonekana mapapai yangu pale mbele. Akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa misimu yote hii ulikuwa unapata nini?"

Nikamwambia, "Baba, nilikuwa napata zamu."

Alivua kofia yake, akaishika mkononi, akatembea peke yake mpaka kwenye michirizi yangu mikavu. Halafu akasema twende mpaka mwisho. Tukashuka wote korongoni kwa Wamaasai, tukaona mizoga ya ng'ombe. Nilimwona yule mzee mzito akifuta macho kwa kiganja.

Jumapili, nimetoka ibadani, nakuta mzee amesimama getini kwangu. Mkononi ameshika jani la isale, ule mmea tunaopanda mipakani. Mliotoka Kilimanjaro na Meru mnaelewa, lakini wengine niwaeleze. Mtu akikujia na isale anaomba msamaha, na isale halikataliwi. Hata akiwa amemuua ndugu yako, unapokea. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia, makali, nimeyapanga vizuri kabisa! Sikutumia hata moja. Nikalipokea lile jani kwa mikono miwili, nikamkaribisha ndani, nikampa chai. Alikuwa hajakosa kwa kusudi, lakini alikuja. Mzee wa umri ule, kushuka mlima wote ule kwa miguu kuja kwa mjane wa mkiani.

Akasema, "Mama, kiangazi zamu ianzie kwako. Ianzie mkiani ipande juu. Na saa zianze kuhesabiwa maji yakifika shambani, sio yakifunguliwa." Angalieni akili hiyo: mfereji ukishalowa mara moja mpaka chini, udongo hauna haja ya kunywa upya, wa juu wote wanaofuata wanapata maji yao mara moja. Hata wao walifaidika! Tukayapeleka mkutanoni, na safari hii watu walisikilizana. Tukakubaliana kuna fungu la mto haliingii mfereji wowote, ni la korongo, la ng'ombe na la mto wenyewe. Mashamba ya maua yakakubali kuchimba mabwawa, yayajaze masika na kiangazi yapunguze kuvuta mtoni. Na zile bikoni? Mzee alisema acheni zege lenu, tupandeni masale. Yakapandwa kuzunguka chemchemi zote, yeye mwenyewe ameinama na jembe. Mpaka leo hakuna aliyethubutu kung'oa isale hata moja.

Alhamisi ya kwanza ya mpango mpya nilikuwa shambani tangu alfajiri. Maji yakaja. Jamani, yakaja! Nilisikia kabla sijayaona. Nilivua viatu, nikaingia mferejini mzima mzima na gauni langu, nikapiga vigelegele mpaka jirani akaja na panga akidhani nimevamiwa. Tulikuwa tumeshapita Pasaka, na asubuhi hiyo hiyo mnunuzi akatokea na futi yake. Akanikuta nimejaa tope mpaka kichwani. Nikamwambia, "Baba, nilitoa neno, leo nalirudisha, na niite utakavyo. Haliuzwi." Alinuna. Nilipovuna nilimpelekea nyanya, akapokea, siku hizi tunasalimiana.

Sitawadanganya kwamba kila kitu ni sukari. Mwaka uliofuata mvua zilikataa, maji yakapungua tukagawana machache. Lakini tulipungukiwa wote, kuanzia juu mpaka mbugani, na hakuna aliyeinua panga. Nilivuna kidogo nikashukuru. Nimerudi kwaya. Nimeingia kamati ya mto, na nimekanyaga banio! Wazee walimwaga mbege kwanza, pombe yetu ya ndizi, ili mila isikasirike. Mchungaji, hilo usilisikie.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule mzee aliyeshuka mlima. Namshukuru dada yangu wa Kimaasai, aliyenifundisha kwamba hata mimi ni mtu wa juu wa mtu. Nawashukuru vijana wa bonde waliokubali kuchafua mabuti. Na mwanangu wa Sekei, ambaye sasa kila Jumamosi anakuja na kikapu, anaondoka na mboga.

Funzo langu kwenu ni dogo. Mpango wa mto usiupange ukiwa umesimama juu. Nenda kwa yule wa mwisho, simama pale maji yanapokatikia, upangie hapo. Sasa nauliza, humu ukumbini, mtoni kwenu, wa mwisho kabisa ni nani? Nyanyueni mikono. Naona mnaangaliana. Hawakualikwa? Au... wewe mama, kule nyuma mlangoni, umenyanyua mkono nusu. Ni wewe? Maji hayakufikii? Misimu mingapi? Usilie, mama. Ndugu zangu, mpisheni apite. Baba, wewe wa mstari wa mbele, samahani, inuka umpe kiti chako. Njoo, mama, kaa hapa. Sasa mkutano wenu umeanza.