Waya Niliokata kwa Jembe Langu

Wapendwa, nimesimama kutoa ushuhuda mbele ya kanisa.

Mimi ni fundi wa minara ya simu, mnanijua. Chini ya mnara mmoja, jirani na kituo cha afya, tulifunga kompyuta ndogo. Vifaa vya kituo vinapima pumzi za watoto wachanga, na kompyuta ile inapiga hesabu palepale mnarani. Zamani hesabu ilisafiri mbali kwa waya mkuu uliofukiwa ardhini, jibu likichelewa. Nikawaahidi wauguzi: hata waya mkuu ukikatika, kengele ya hatari italia.

Ndugu zangu, nawaambia, sikuwahi kujaribu. Kujaribu ni kuchomoa waya uone kama kengele italia. Mabosi walikuwa wamesimama pale, nikaogopa kuaibika. Nikaandika kwenye ripoti "imejaribiwa".

Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kijiji, tunachimba mfereji, jembe langu likakata kitu ambacho si mzizi. Nikainama. Waya wetu! Jirani akauliza, "Mama, iko nini?" Nikakimbia. Pikipiki hakuna, si mnajua haziruhusiwi saa za umuganda? Nilipanda kilima hadi kituo cha afya na matope yangu, nikisema, Mungu wangu, nimeua mtoto wa mtu.

Nikakuta skrini imeganda, kengele kimya. Muuguzi alikuwa anamsugua mgongo mtoto wa siku mbili, midomo imebadilika rangi. "Pumzi imekatika," akasema. "Bahati nilikuwa namtazama." Tulisubiri. Sijui ni muda gani. Kisha mtoto akalia, na mimi nikalia kuliko yeye.

Ningeweza kusingizia jembe. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, na maradhi yangu yalitaka kuniumbua kwa kifo cha mtoto wa mwenzangu. Nikawaambia muuguzi na mama mzazi wa mtoto: kosa ni langu, sikujaribu. Yule mama akasema, "Basi ujaribu nikiona."

Mimi na mafundi wenzangu tukakuta kompyuta ilikuwa inasubiri ruhusa kutoka mbali kabla ya kupiga kengele. Tukairekebisha, waya mkuu tukaunga. Nikauchomoa mbele ya yule mama, tukajaribu kifaa. Kengele ikalia.

Kazini walinisimamisha miezi miwili, haki yao. Sikuthubutu kushika hata bisibisi. Ninyi mkaja na sufuria za maharage, hamkuniuliza maswali. Asanteni. Muuguzi yule, Mungu amtunzie macho yake.

Mwenzangu mwenye kazi iliyoshika uhai wa watu, chomoa waya wako mwenyewe, watu wakiona. Siku ile niliogopa mabosi. Siku hizi namwogopa yule mtoto. Mnaponiombea, woga huo msiombe uniishe.